Istilahi za Maumivu na Ulemavu Baada ya Kiharusi

Miongoni mwa kazi zinazoletwa mbele ya Baraza ni maandishi ya afya yanayoombewa ithibati ya lugha kabla ya kupigwa chapa. Aghalabu huwa ni vipeperushi vya kurasa mbili au nne, vilivyotafsiriwa na mtu mwenye bidii aliyeketi na kamusi mkononi. Kimoja kati ya hivyo kilihusu kumwuguza nyumbani mtu aliyepatwa na kiharusi: maumivu yanayobaki baada ya miezi mingi, viungo vinavyokakamaa, mazoezi, na dawa. Sarufi yake haikuwa na kasoro kubwa. Upatanisho wa ngeli ulikuwa sahihi na tahajia ilikuwa safi, na kwa kawaida ya kazi yetu tungeweza kupiga muhuri siku ile ile. Badala yake tulikichukua tukaenda kukisoma kwa sauti mbele ya watu waliokusudiwa, wilayani Igunga.

Igunga iko mkoani Tabora, katika barabara itokayo Singida kwenda Nzega, pembezoni mwa mbuga za Wembere. Wenyeji wengi huzungumza Kinyamwezi au Kisukuma nyumbani kwao, na wako pia Wanyiramba na Wataturu. Lakini mtu asidhani kwamba Kiswahili ni mgeni huko. Katika karne ya 19 kilifika nchi ya Unyamwezi pamoja na misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na kuendelea hadi Ujiji, kikabebwa na wapagazi ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi wenyewe. Ni Kiswahili cha kazi, cha njiani na cha sokoni, kilichokwisha kaa vizazi kadhaa. Istilahi ikishindwa kueleweka Igunga, hatuwezi kuwalaumu wasikilizaji kwa ugeni wa lugha. Hapana budi tuitazame istilahi yenyewe.

Sentensi ya kwanza iliyotushtua ilikuwa nyepesi kuliko zote: "Mnyanyue mgonjwa kwa mkono mara kadhaa kwa siku ili asilale mahali pamoja." Mfasiri alikusudia kusema kwamba kazi hiyo ifanywe na mtu, bila ya chombo. Mama mmoja anayemwuguza mumewe aliisikiliza, akaitikia kwa kichwa, kisha akatuonyesha afanyavyo. Alimshika mumewe kifundo cha mkono uliopooza, akamvuta hadi akaketi. Yule bwana alikunja uso, asiseme neno. Mama yule hakukosea hata kidogo; alitii sentensi kama ilivyoandikwa. Kwa Kiswahili "kwa mkono" ni kwa kutumia mkono, na pia ni kwa kushika mkono. Tena mkono ni kiungo chote, tangu begani hadi ncha za vidole.

Hapo tofauti ndogo ya maana inageuka kuwa jeraha. Misuli inayoushikilia mfupa wa mkono ndani ya tundu la bega ikilegea baada ya kiharusi, uzito wa mkono peke yake hutosha kuuteremsha mfupa huo. Mkono ukivutwa, nyama na kano za bega huumia, na maumivu ya bega ni mojawapo ya maumivu yanayowapata zaidi wagonjwa hawa. Mara nyingi yanaweza kuepukwa kwa namna ya kumshika mgonjwa tu. Sentensi tuliyoiweka mahali pa ile ya kwanza ni ndefu, wala hatuoni haya kwa urefu wake: "Usimvute mkono. Mgeuze kwanza alale ubavu, mshike mgongoni nyuma ya bega na kwenye nyonga, ndipo umkalishe."

Kiharusi na kupooza

Bega, katika nchi ya wapagazi, si jambo dogo. Mzigo wa kawaida wa msafara ulikuwa kama frasila 2, yaani karibu kilo 32. Jina lenyewe la mpagazi latokana na kitenzi pagaa, ambacho kina maana ya kuchukua mzigo begani, na pia maana ya pepo kumwingia mtu. Ndiyo maana twasema mtu amepagawa. Tunaligusa jambo hili kwa sababu maana hiyo ya pili iko karibu sana na kiharusi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulilinganisha mawazo ya watu wa Dar es Salaam na ya watu wa Wilaya ya Hai juu ya ugonjwa huu. Dar es Salaam wengi waliutaja uchawi na mapepo. Hai walitaja zaidi shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na mawazo mengi. Wale wanaodhani kwamba mji ndio shule na shamba ndiko ushirikina watafakari hapo.

Je, neno kiharusi liachwe kwa kuwa limeshikamana na mapepo? Hatuoni sababu. Limekwisha enea, linaeleweka tangu pwani hadi bara, na neno jipya la kubuni lingemfanya mgonjwa asijue kwamba ndilo analosemwa. Tunachoshauri ni kwamba kiharusi litumike kwa tukio lenyewe tu, yaani mshipa wa damu wa ubongo kuziba au kupasuka, na kwamba maelezo hayo mafupi yaandikwe mara neno litajwapo kwa mara ya kwanza.

Kupooza ni jambo jingine. Hilo ni tokeo mojawapo la kiharusi, nalo ni kupotea kwa nguvu ya kukitembeza kiungo. Maandishi mengi huyachanganya haya mawili, na matatizo huzidi kwa kuwa vipeperushi vya chanjo vimezoea kuiita polio "ugonjwa wa kupooza". Mzee aliyepatwa na kiharusi akisoma kwamba ugonjwa wa kupooza huzuiwa kwa matone ya chanjo utotoni, atahitimisha kwamba wazazi wake ndio waliozembea, na dawa za shinikizo la damu ataziona hazina maana. Haya si mambo ya kuwaachia waganga peke yao. Uchunguzi uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikadiria, baada ya kusawazisha umri, kwamba kwa mwaka watu 109 hivi katika kila 100,000 hupatwa na kiharusi kwa mara ya kwanza huko Hai, na 316 hivi Dar es Salaam. Shinikizo la juu la damu ni chanzo kikubwa chake. Neno lisilomwelekeza msomaji kwenye chanzo hicho linamnyima kinga ya kiharusi cha pili.

Ganzi, mshipa na neva

Kiswahili husema kwamba kiungo kisichohisi "kimekufa ganzi". Ni usemi mzuri, wa kale, nao hauna ubaya mtu anapokuwa ameukalia mguu wake barazani. Katika kiharusi usemi huo umezaa mwingine ulio mkali zaidi, "upande uliokufa", na kipeperushi chetu kiliutumia mara tatu. Mzee mmoja wa Igunga alitwambia, kwa utulivu kabisa, kwamba mkono wake umekufa lakini unamwunguza usiku kucha. Watu wa nyumbani kwake waliyachukua maneno hayo kuwa ni ya kuchanganyikiwa, maana kilichokufa hakiungui. Aliyemjazia karatasi ya matibabu alikuwa ameuliza kama mkono una ganzi; mzee alijibu kuwa unayo, na karatasini pakaandikwa "hana hisia". Juu ya maumivu hapakuandikwa kitu.

Mzee alikuwa anaieleza hali inayojulikana vizuri katika utabibu. Mwaka 1906 waganga wawili wa Ufaransa, Dejerine na Roussy, walieleza habari za wagonjwa ambao kiharusi kiliwadhuru sehemu ya ndani ya ubongo iitwayo thalamasi, ambako habari za mguso, joto na maumivu hupitia. Kiungo cha wagonjwa hao kilipungukiwa na hisia, na papo hapo kiliuma sana. Hakuna kinzano hapo. Njia ya habari imekatika, na ubongo, badala ya kunyamaza, hutoa maumivu wenyewe. Yaweza kuanza wiki au miezi baada ya kiharusi. Maji baridi yanaweza kuyaamsha, hata kanga ikipita juu ya ngozi. Tunapendekeza yaitwe maumivu ya ubongoni baada ya kiharusi, na yale yanayoamshwa na mguso usiopasa kuumiza yaitwe maumivu ya mguso. Usemi "upande uliokufa" uondolewe katika maandishi yote ya afya. Useme "upande ulioathirika". Na anayetaka neno jepesi zaidi na aseme "upande wenye kiharusi".

Fomu za hospitali nazo ziache kuuliza juu ya ganzi kwa swali moja. Ganzi kwa wasemaji wengi ni kutohisi, na vilevile ni ule mchomo wa vijisindano mguu unapoanza kuamka. Yafaa maswali yawe mawili: la kwanza kama mtu hahisi akiguswa, la pili kama anahisi uchungu asipoguswa.

Tena lugha yetu si maskini wa vitenzi vya uchungu. Jipu hupwita. Tumbo hukeketa. Kidonda kilichotiwa chumvi huchonyota. Moto usioonekana hufukuta, na mzee wetu alipoulizwa achague, alilichagua hilo la kufukuta bila kusita. Lakini watafsiri hulimaliza jambo hili lote kwa kitenzi kimoja, kuuma, na mganga akabaki na habari isiyomsaidia kupambanua maumivu ya bega lililovutwa na maumivu yatokayo ubongoni. Tofauti hiyo ina dawa mbili mbalimbali.

Kwa upande mwingine, pale ambapo wingi wa maana unadhuru, tumejikalia nao kwa miaka. Tunalisema neno mshipa. Mshipa ni njia ya damu, ni neva, kwa wengine ni kano, na tena ni ugonjwa wa ngiri. Kipeperushi kilipoandika "maumivu ya mishipa", akina baba waliokuwapo walitazamana, na mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama kiharusi hushuka hadi huko. Watu walicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Katika habari za kiharusi, ambamo mshipa wa damu ndio chanzo na neva ndizo zinazobeba tokeo, neno moja halitoshi. Neva litumike, na pale msomaji asipolizoea liongezewe "nyuzi zinazopeleka habari kati ya ubongo na mwili". Mishipa ya fahamu, istilahi iliyopendwa zamani, ina uzuri wake, ila bado inabeba utata ule ule kichwani mwake.

Sugu na kali

Tumefika penye jambo lililotusumbua kuliko yote. Maumivu yanayodumu hutafsiriwa karibu kila mahali kuwa "maumivu sugu". Katika utabibu istilahi inayofasiriwa hivyo imetokana na neno la Kigiriki khronos, yaani wakati, na maana yake ni ya wakati tu. Orodha ya kimataifa ya magonjwa, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika rasmi Januari 2022, inayataja kuwa ni maumivu yanayodumu au kurudiarudia kwa zaidi ya miezi 3. Haisemi kwamba hayatibiki.

Sugu husema hivyo. Asili yake ni ile ngozi ngumu ya kiganja cha mwenye jembe; kutoka hapo tukapata mtu sugu, asiyesikia onyo; mhalifu sugu, asiyerudika; na katika afya tukapata kifua kikuu sugu, ambacho dawa za kawaida hazikiwezi. Maana zote hizi zina mzizi mmoja: kitu kisichopenyeka. Sasa mpe mgonjwa karatasi iliyoandikwa "Tiba ya maumivu sugu". Mzee wa Igunga aliisikiliza anwani hiyo, kisha akatuuliza: "Sasa wanangu, kama ni sugu, dawa ni ya nini?" Hatukuwa na jibu, kwa sababu kwa Kiswahili alichokuwa anakitumia yeye, na tunachokitumia sisi tukiwa nje ya ofisi, hoja yake ilikuwa sahihi.

Mshirika wa sugu ni kali. Maumivu ya ghafla na ya muda mfupi huitwa "makali". Hapa mfasiri ana udhuru kidogo, maana neno la Kilatini aliloanzia lina maana ya ncha au ukali. Lakini mgonjwa anaposikia makali hupima nguvu ya maumivu, hapimi siku zake. Maumivu ya siku 2 yaweza kuwa mepesi, na ya miaka 2 yakawa makali yasiyovumilika. Tukiyaweka kali na sugu kama jozi, yule mwenye maumivu ya muda mrefu yaliyo makali hana mahali pa kujiandika.

Tumesikia hoja ya upande wa pili, kwamba sugu limekwisha zoeleka kwa wataalamu, na kwamba istilahi hufafanuliwa na fani yake, si na mtu wa njiani. Katika fizikia tungekubali. Mtu wa njiani haitwi kuamua istilahi ya mkondo wa umeme. Lakini istilahi ya maumivu humhusu kwanza anayeumwa. Ndiye anayetakiwa kuitamka ili atibiwe. Pendekezo letu ni "maumivu ya muda mrefu" na "maumivu ya muda mfupi", na sugu liachiwe kazi yake ya haki, yaani ugonjwa au kijidudu kinachoshindana na dawa. Ni maneno manne mahali pa mawili. Wachapaji watatusamehe.

Dawa na jina lake

Kwa maumivu yatokayo ubongoni, dawa za kawaida za kutuliza uchungu, kama parasetamoli, kwa kawaida hazifui dafu. Mwaka 1989 watafiti wa Sweden, Leijon na Boivie, walionyesha kwa jaribio dogo kwamba amitriptilini hupunguza maumivu hayo. Ni dawa ya zamani, iliyotengenezwa kwanza kwa ajili ya sonona, na bei yake ni nafuu. Huanzishwa kwa kipimo kidogo wakati wa usiku. Hukausha kinywa, huleta usingizi, na kwa wazee na wenye ugonjwa wa moyo inataka uangalizi wa mganga.

Kipeperushi kilieleza habari zake kwa maneno "dawa ya wagonjwa wa akili ambayo pia hutumika". Baada ya kusikia hivyo, hakuna aliyetaka kuuliza zaidi. Ukweli wa kihistoria umetangulizwa mbele ya kazi ya dawa, na mpangilio huo tu umetosha kuifungia dawa kabatini. Tuliandika upya: "dawa inayotuliza neva zinazotoa maumivu, dawa hiyo hiyo hutibu sonona". Sonona nayo isifichwe, kwa kuwa huwapata karibu theluthi moja ya watu waliopatwa na kiharusi, na huyazidisha maumivu.

Ulemavu na utengamao

Juu ya kukakamaa tutasema kwa ufupi. Kuna misuli inayokaza yenyewe kwa sababu ubongo hauidhibiti tena, na hiyo hulegezwa kwa mazoezi au dawa, tunapendekeza mkakamao. Kuna kiungo kilichokwisha jikunja kwa kuachwa bila kunyooshwa, nacho ni vigumu kukirudisha. Tunapendekeza mkunjo wa kiungo. Hali ya kwanza isipotunzwa huzaa ya pili, kwa hiyo yasiitwe jina moja.

Ulemavu unadai maneno zaidi. Wasomaji wanajua kwamba Kiswahili kiliwaweka kilema, kiwete, kipofu na kiziwi pamoja katika ngeli ya vitu, ijapokuwa katika sentensi twawapatanisha kama watu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imekwisha tuonyesha njia: mtu kwanza, hali yake baadaye. Lakini bado tunatumia ulemavu kwa mambo matatu ambayo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2001 huyatenga. La kwanza ni hitilafu ya mwili, kwa mfano vidole visivyokunjuka. La pili ni ugumu wa kutenda: hawezi kufunga kifungo cha shati. La tatu ni kizuizi cha kushiriki, yaani haendi tena mkutanoni wala mnadani, ama kwa kuwa njia haipitiki, ama kwa kuwa watu wameacha kumwita. Mkunga wa lugha atauliza faida ya utengano huu. Faida ni kwamba la kwanza laweza lisipone kabisa, na bado la pili na la tatu yakatibika: kwa shati la kuvaa kichwani, kwa fimbo iliyokatwa vizuri, kwa jirani mwenye mkokoteni. Afisa anayeandika "mlemavu wa kudumu" katika faili ameyafunga yote matatu kwa kufuli moja.

Kazi ya kumrudishia mtu uwezo wake iliwahi kuitwa urekebishaji, na mahali pengine ukarabati, kana kwamba mtu ni nyumba ya serikali iliyovuja. Utengamao, neno linalotumika sasa katika maandishi ya afya, tunalipenda bila kificho. Kitenzi chake kinajulikana vijijini. Watu husema hali ya mgonjwa imetengamaa, au mambo yametengamaa baada ya mashaka. Halimwahidi mtu kurudi alivyokuwa, ila lamwahidi kusimama vema pale alipo. Tulipolitamka Igunga hakuna aliyeuliza maana yake. Anayelitekeleza, mtaalamu wa fiziotherapia, bado hana jina jepesi. Wengi walimwita "mtu wa mazoezi", nasi hatuoni ubaya wa kuandika hivyo ndani ya mabano katika vipeperushi.

Mapendekezo haya yatapelekwa mbele ya kamati ya istilahi pamoja na kipeperushi kilichosahihishwa, ambacho kitasomwa tena kwa sauti Igunga kabla ya kupewa ithibati. Walimu, waganga na watumishi wa wilaya wenye vitenzi vingine vya maumivu vinavyosemwa mahali walipo, wanaombwa wavilete kwa Baraza, kila kitenzi kikiwa ndani ya sentensi kama ilivyotamkwa na mgonjwa mwenyewe, na pakielezwa ni kiungo kipi kilichokuwa kikiuma.